Viti Viwili vya Msiba

Kama umewahi kuruka kutoka Mwanza kwenda Bukoba kumzika mtu wako, na tiketi ukaipata jana yake jioni kwa bei ya kibinadamu, basi ulikaa kwenye kiti cha Josepha Kahigwa. Ulidhani una bahati. Huna bahati yoyote, ndugu yangu. Ulikuwa na Josepha.

Mimi namfahamu kwa sababu tumegawana ukuta miaka kumi na minne pale Kirumba, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Upande wake dirisha la tiketi, upande wangu kibanda cha kutengeneza mabegi. Zipu, magurudumu, mikono iliyong'oka, vyote kwa Fundi Nurdin. Nasema bila aibu kwamba hakuna begi la maana lililoondoka mji huu kwa ndege bila kupita mikononi mwangu. Mwenyewe sijapanda ndege hata siku moja, lakini mabegi yangu yamefika mpaka China, na fundi husafiri na kazi yake.

Josepha ni Mhaya wa Muleba, mama wa miaka hamsini na kitu. Akisoma hapa ataniuliza hicho kitu ni ngapi, nami nitakimbia. Ana cheti cha ukatibu, anaandika mwandiko wa mashine, na kichwani amebeba nusu ya mkoa wa Kagera: nani mtoto wa nani, nani kaolewa wapi, bibi yupi anaogopa kukaa dirishani. Alikuwa wakala wa shirika la Ziwa Kuu tangu lilipokuwa na ndege moja ya pangaboi, yenye viti arobaini na nane na mlango uliokuwa ukifungwa kwa kubembelezwa.

Viti vyenyewe vilianza hivi. Meneja wa Ziwa Kuu hapa Mwanza wakati huo alikuwa Mzee Byabato, mtu mpole aliyependa chai ya tangawizi. Josepha akamfuata ofisini.

"Mzee, harusi ina kadi miezi mitatu kabla. Krismasi ipo kwenye kalenda. Msiba unapiga simu saa sita mchana na maziko ni kesho. Huyu ndiye tunayemuuzia bei kubwa kuliko wote, eti kwa sababu amechelewa. Amechelewaje? Alitakiwa ajue?"

Mzee Byabato alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akampa viti viwili vya mkiani, 12C na 12D, kila safari ya Bukoba. Visiuzwe mpaka saa kumi na moja jioni ya jana yake. Akitokea mfiwa, apewe kwa bei ya kawaida. Asipotokea, viuzwe kwa yeyote.

Basi. Bango halikuwekwa, wala mtu hakuimbiwa wimbo redioni. Lakini mtu uliyemfikisha akamwona mama yake kabla ya kufukiwa, unadhani Desemba atapanda ndege ya nani? Atapanda na wanawe wote, na shemeji zake, na yule mjomba anayelala akikoroma. Mambo haya watu wanayasomea chuoni miaka mitatu na kuyaita mkakati wa soko. Josepha aliyafanya kwa swali moja tu: "Nani amefariki?" Na kila aliyekaa kwenye viti vile alimwandika jina kwenye daftari lake la bluu, pamoja na jina la marehemu, ili mwaka ukizunguka ampigie simu ya pole.

Mwaka juzi likaja shirika lingine, Mbayuwayu. Lilikuja kwa kelele. Mabango ya njano kuanzia Usagara hadi Kisesa: RUKA KWA BEI YA BASI. Wakafunga spika nje ya uwanja wa mpira wa Kirumba siku ya mechi, wakagawa fulana. Nilipata nne. Moja nilimpa mke wangu Zakia, moja nikaivaa, mbili nikafutia mashine.

Na kweli bei ilikuwa ya basi, mpaka ufike kaunta. Pale kuna kisanduku cha chuma. Begi likikataa kuingia, unalipa. Boksi la samaki sato unalowapelekea wakwe, unalipa. Kiti cha karibu na mtoto wako mwenyewe, unalipa! Nilimwona mama mmoja mwenye heshima zake amevaa magauni matatu juu ya kitenge ili begi lipungue, anatembea kama kabati. Watu wanacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikwenda kukipima kile kisanduku kwa futi yangu, nikashona begi linaloingia humo bila kubakisha hata upana wa kidole, nikaliita Kiboko ya Kisanduku. Niliuza mpaka nikakosa turubai.

Kwa hiyo sitajifanya mtakatifu. Wakati ule nilikuwa namtania jirani yangu kupitia ukutani.

"Mama Tiketi! Wenzako wanauza bei ya basi. Fungua genge la nyanya mapema."

"Fundi, hizo fulana nne, leo umevaa ngapi?"

"Moja. Nyingine ziko kazini."

"Basi vaa tu, ujanja wako unaishia kwenye zipu. Mtu anayeuza tiketi chini ya gharama ya mafuta yake huyo hauzi, anafukuza wenzake. Akibaki peke yake ndipo utaijua bei yake."

Nilimwona ana wivu. Lakini haikupita miezi kumi, Mbayuwayu wakapunguza safari za Bukoba, kutoka kila siku mpaka Ijumaa na Jumapili tu. Mabango ya njano hawakuyapunguza. Yapo mpaka leo, yanaahidi kila siku.

Ungetegemea Ziwa Kuu washangilie. Walikuwa wameshatishika. Mzee Byabato alikuwa amestaafu, na makao makuu wakamtuma kijana mmoja kutoka Dar, meneja wa mapato, jina lake Rwekaza. Kijana wa Kihaya, suti ya kubana, viatu bila soksi, kompyuta nyembamba kama chapati. Alimwamkia Josepha vizuri, hilo nampa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kanyigo, ila nimekulia Dar." Akafungua chapati yake. "Mama, kuna viti viwili vinakaa nje ya mfumo. Vinavuja."

"Vinavuja nini?"

"Mapato. Abiria wa dakika za mwisho ndiye anayelipa vizuri kuliko wote. Dunia nzima iko hivyo. Halafu huyohuyo sisi tunampunguzia!"

"Kwa sababu amefiwa."

"Mfumo hautambui msiba, mama."

"Basi mfumo wako haujawahi kufiwa."

Nilicheka upande wa pili wa ukuta mpaka sindano ikanichoma kidole. Rwekaza hakucheka. Alieleza kwamba kuanzia siku ile 12C na 12D vinaingia kwenye mfumo, bei itakuwa inajipandisha yenyewe kadiri watu wanavyobuku, na mwisho wa mwezi mawakala wote wataondolewa kwa sababu wateja watajikatia kwenye simu. Alisema Ziwa Kuu haiwezi kushindana na Mbayuwayu kwa huruma. Huruma! Hapo nilisimama, nikamfuata mlangoni.

"Kijana," nikamwambia, "Mbayuwayu wamekimbia Bukoba na bei yao ya basi. Nyinyi mmebaki. Unadhani mlibakizwa na nini, hizo soksi usizovaa?"

"Mzee, hili ni suala la kitaalamu."

Suala la kitaalamu! Mimi niliyekipima kisanduku cha Mbayuwayu!

Jumanne iliyofuata, saa sita na nusu mchana, bajaji ikasimama mbele yetu. Akashuka Gladness, mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Kirumba, akamshusha mama yake, Bibi Sabina, miaka themanini na mmoja, nyonga moja ya chuma. Kaka yake bibi huyo, Mzee Kaijage wa Kamachumu, alikuwa amefariki asubuhi ile. Maziko Jumatano saa nane mchana. Na alikuwa ameacha neno: jeneza lisifungwe mpaka dada yake amwone, maana walikuwa wamebaki wao wawili tu kati ya watoto tisa.

Meli siku hiyo haipo. Barabara, hata sasa ambapo daraja la ziwani limefunguliwa, ni saa saba au nane za kukaa, na nyonga ile haikai hata saa moja bila machozi. Ndege ya Jumanne ilikuwa imeshaondoka. Ilibaki ndege moja, ya Jumatano saa moja asubuhi.

Bibi Sabina alikaa kwenye kiti cha wateja wangu. Hakulia. Alinipa begi lake dogo la rangi ya zambarau.

"Nurdin, zipu imekataa."

"Bibi, mimi nipo, itakubali tu."

Ndani niliona kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe maua pembeni, cha kumfunika kaka yake. Nilishona polepole. Masikio yangu yalikuwa dirishani kwa Josepha, nikamsikia akinong'ona kwa hasira. Saa nne asubuhi tiketi ilikuwa elfu tisini. Sasa ilikuwa laki tatu na ushee, na viti vinaisha mbele ya macho yake.

"Gladness," akasema, "nani mwingine anamkatia mama yako tiketi?"

"Sijui, dada. Nilitangaza tu kwenye kundi la ukoo kwamba bibi anatakiwa afike."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Hamsini na sita."

Josepha akashika kichwa. Ninyi mnaowajua wale watu mmeshaelewa. Kwenye ukoo ule, siku ya maziko msemaji wa familia anasimama na kutaja wema wote, nani kaleta turubai, nani kaleta ng'ombe. Kumrusha bibi mkubwa kwa ndege! Sifa ile nani angemwachia mwenzake? Kila mmoja kwa siri yake, aliyeko Dar, aliyeko Arusha, mpaka mmoja aliyeko Uswidi, alifungua simu akabuku kiti kwa jina la Sabina, huku akitafuta hela ya kulipia. Josepha alihesabu kwenye kioo chake majina. Bibi mmoja, viti kumi na moja. Na mfumo, kwa akili zake zote, ukaona watu wanaigombania Bukoba, ukawa unapandisha bei.

Akaanza kuwapigia mmoja mmoja.

"Achia kiti, baba. Abaki mmoja alipe."

"Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu! Mwambie Prudencia aachie."

"Prudencia anasema wewe hata hospitali hukwenda."

"Kasemaje huyo?"

Wakati wanatukanana, mfumo ukastuka. Jina moja mara kumi na moja kwenye ndege moja! Ukahesabu ni utapeli, ukavifuta vyote kwa mkupuo, hata kile ambacho mtu wa Uswidi alikuwa anamalizia kukilipia. Vikarudi sokoni, na siku hiyo kulikuwa na watu wa semina wanaotafuta nafasi. Robo saa haikupita. Ndege imejaa. Bibi Sabina yuko kwenye kiti changu, hana kiti angani.

Josepha akampigia Rwekaza, akaweka sauti ya juu.

"Mama! Umeiona Bukoba ya kesho?" Kijana alikuwa na furaha ya harusi. "Imejaa, na kiti cha mwisho kimeuzwa laki tano. Haijawahi kutokea. Mkurugenzi amenipigia mwenyewe kunipongeza."

"Mwanangu, huo umati uliouona ni bibi mmoja."

Akamweleza. Sauti ya upande wa pili ikawa ndogo.

"Pole sana, mama. Lakini 12C na 12D vimeshalipiwa. Siwezi kumtoa abiria."

"Sikuombi umtoe. Abiria wako simfahamu?"

Akakata simu. Nataka muelewe jinsi nilivyokuwa nimechemka. Mimi ni mtu wa masihara, lakini nilitamani kulishona lile shirika zima mdomo kwa uzi wa mabegi. Walikuwa na kitu kilichowaweka juu ya Mbayuwayu, hawakukilipia hata senti, wakakitupa kwa sababu hakikuonekana kwenye chapati. Na wakapongezana!

Josepha hakuchemka, au alichemka kimyakimya. Alitoa daftari la bluu, akaliweka kando ya orodha ya abiria wa kesho. Akatembeza kidole kimoja huku, kimoja kule. Majina manne yalikuwa pande zote mbili. Wa kwanza alikuwa Mzee Muhidin, mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa mjini hapa.

"Mzee Muhidin, shikamoo."

"Marahaba, Mama Josepha. Usiniambie ndege imeahirishwa, nina watu wananisubiri Bukoba saa tatu."

"Haijaahirishwa, mzee. Nakuomba kiti chako."

"Nani amefariki?"

"Kaka yake Bibi Sabina. Walikuwa wamebaki wawili, sasa amebaki mmoja."

"Mke wangu Safia alipofariki kwao Bukoba ulinipa 12D," akasema Mzee Muhidin. "Mpaka leo hujawahi kunikumbusha fadhila hiyo. Nifanyeje?"

Hapo bado palikuwa na ukuta. Ziwa Kuu mpya haibadilishi jina kwenye tiketi. Lazima mmoja afute, kiti kirudi sokoni, na mwingine akiwahi kabla mtu wa semina hajakiona. Josepha akampanga Gladness na simu yake upande huu, Mzee Muhidin na simu yake kule, yeye katikati kama mwamuzi.

"Nikisema tatu, mzee, unafuta. Gladness, kidole juu ya neno Nunua. Moja. Mbili. Tatu!"

Kile kiduara cha mtandao kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Mimi niliacha begi. Muuza karanga aliyekuwa anapita akasimama naye, hajui kinachoendelea, kakunja uso kama sisi. Kiti kikatokea: kimebaki kimoja. Gladness akabonyeza, simu ikaomba namba ya siri, akakosea.

"Siwezi, dada!"

"Unaweza. Mwaka wa mama yako wa kuzaliwa, si ndio namba yako? Walimu wote mko hivyo."

Akaingiza. Ikakubali. Laki tano na nusu, kwa bibi anayekwenda kumzika kaka yake, dakika arobaini angani, kwenye kiti ambacho wiki moja nyuma Josepha angempa kwa elfu tisini. Ukoo ulikuwa unagombania kulipa, ni kweli, na kelele zilihamia kwenye kundi. Ila mimi nawafikiria wale ambao kundi lao lina watu watatu na wote hawana.

Nilimaliza begi. Sikuchukua malipo, na nataka hilo lijulikane.

Jumatano saa moja asubuhi Bibi Sabina akapaa. Saa nne alikuwa Kamachumu, jeneza liko wazi. Gladness alituambia kwamba alikitandika kile kitambaa mwenyewe, akanyoosha maua yote yaelekee upande mmoja, kisha akasema, "Sasa fungeni." Msemaji wa familia alipotaja wema, alitaja watu kumi na mmoja waliomrusha bibi. Bibi akagonga fimbo chini, akasema waliomrusha ni wawili, mmoja anaitwa Josepha na mwingine yuko njiani kwa basi.

Na kweli jioni Mzee Muhidin alishuka pale, vumbi mpaka kwenye kope, biashara yake ya saa tatu imeshakwenda kwa wengine. Alipita kutoa pole tu. Bibi Sabina alikuwa amemfunikia chakula, akakataa kuondoka kwenye mkeka mpaka amalize.

Ningependa kuishia hapo, lakini bado nimekasirika.

Wiki mbili baadaye Rwekaza alirudi, safari hii na mpiga picha. Makao makuu walikuwa wamesikia habari ya bibi, wakaipenda. Walitaka sura yake kwenye mabango: ZIWA KUU, TUNAKUFIKISHA KWA WAKO. Walimkuta kwangu, amekuja kusalimia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitakubali, mjukuu wangu," akasema. "Ila chini ya picha uandike kwamba kiti alinipa Muhidin, yeye akapanda basi."

"Bibi, hiyo haitawezekana."

"Kwa nini? Si kweli?"

Rwekaza alinitazama mimi, akamtazama Josepha, akainamia viatu vyake. Safari hii alikuwa amevaa soksi. Aliaga kwa adabu, akaondoka.

Bango likapandishwa hata hivyo, pale Usagara, mkabala na la njano. Wametafuta bibi mwingine sijui wapi, bibi wa kukodi, kapakwa wanja, kitenge kipya hakijafuliwa hata mara moja, na anacheka meno yote. Anakwenda msibani anacheka! Kila nikipita namsonya, na dereva ananiuliza kama ni mkwe wangu.

Dirisha la Josepha lilifungwa mwisho wa mwezi, kama walivyosema. Sasa pale panauzwa vocha na vifuniko vya simu. Yeye amehamia kwenye benchi langu, kati ya mabegi yanayosubiri magurudumu, na daftari la bluu mapajani. Halipwi na shirika lolote. Kila ndege ya Bukoba inayoondoka, ya Ziwa Kuu au ya Mbayuwayu, ndani yake kuna mtu au watu walioandikwa kwenye daftari lile, na humwambia siku wanayoruka, ili wakihitajika wapigiwe. Viti viwili vipo, wenye ndege hawajui viko wapi.

Nilimwambia na mimi aniandike. Akaniuliza nitatoa kiti gani, mimi nisiyepanda ndege. Nikamwambia hiki alichokalia.

"Fundi, zima mashine," ananiambia sasa hivi, simu sikioni, mkono mmoja juu. Nazima. Anafungua ukurasa mpya.

"Pole sana, mwanangu. Nani amefariki?"